Tablo ya komande: maneno kwanza, rangi kisha

Mbele ya kuendelea, inua macho utazame ukuta wa salo yako. Kuna kalenda ya parokia, foto ya ndoa, pengine Moyo Mtakatifu wa Yesu ndani ya kadre. Na katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna tena tablo iliyofanywa kwa mkono wa mtu: kijiji na mitende kando ya mto, simba, wawindaji, ao wafungwa wa wakati wa Wabelji wanaopigwa fimbo mbele ya bendera. Uliipata namna gani, ile tablo?

Njia ziko mbili. Ya kwanza, fundi alipita mlangoni na tablo tatu chini ya kwapa, ukachagua moja, mkapatana bei, akaenda zake. Hapo hakuna magumu: umeona kitu, umelipa kitu. Njia ya pili ni komande. Wewe ndiwe ulimtafuta fundi ukamwambia: "Papa, minataka unifanyie tablo." Toka siku ile hadi siku ya kuitundika ukutani, mlikuwa mnauziana kitu ambacho hakiko bado. Wewe ulikuwa na tablo yako ndani ya kichwa, yeye yake, na hizo mbili hazikuwa moja.

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya njia hii ya pili. Kati ya wasomaji wetu ziko nyumba ambamo baba ni fundi wa tablo, ao wa shaba ya kupigwa, ao wa kuchonga malakiti, na watoto wanakula kwa komande. Nyumba zinazotoa komande ni nyingi zaidi. Magomvi kati ya nyumba hizo tunayajua sote. Hata mapadri wanayajua, kwani mara nyingi yanaishia mlangoni kwao.

Acha nianze na kosa langu mimi mwenyewe.

Mwaka wa 1996 niliomba fundi mmoja wa Likasi anifanyie tablo ya wazazi wangu wakikaa mbele ya nyumba yao ya kijijini. Nikampa nusu ya bei. Siku ya posho nikapita kutazama, nikaona mama amevaa kitambaa chekundu. Mama yangu hakupenda nyekundu. Nikasema: "Papa, geuza ile rangi." Akageuza. Posho iliyofuata nikaja na yaya yangu, naye akakumbuka kwamba nyumba ilikuwa na madirisha mawili. Fundi akaongeza dirisha. Mara ya tatu nikaja na wazo jipya kabisa: aweke pembeni motokari ya mdogo wetu aliyekuwa anafanya biashara ya Zambia, ili naye asikasirike. Fundi hakusema neno. Alitikisa kichwa, akaweka motokari.

Rangi juu ya rangi, tablo ikawa nzito kama mlango. Nyuso za wazazi zikapotea kati ya mambo yetu sisi watoto. Nilipoletewa imekwisha nikatazama, nikasema: "Hapana, hii haiko bo." Sikulipa nusu ya pili, na nilijiona mwenye haki kabisa.

Miaka ilipita. Siku moja nikakutana na bibi yake sokoni. Hakunitukana. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Papa, ile mwezi, mutoto wetu wa kwanza balimufukuza ku masomo juu ya minerval." Basi. Akaendelea kuchagua nyanya zake. Nililipa kisha, lakini feza ya mwaka wa 1996 na feza ya siku ile hazikuwa tena na jina moja. Ile ya kwanza iliitwa zaire mpya, na tangu 1998 tulikuwa tayari na franka. Jaribu kupiga hesabu ya deni la namna hiyo, utaona.

Nimefikiri sana juu ya jambo lile. Kosa kubwa lilikuwa langu. Lakini fundi naye alikosa, na ni lazima tuseme hivyo, juu mafundi wengi wanafanya sawa yeye: kila neno la mwenye komande wanaitikia. "Ndiyo, papa. Sawa, papa." Wanaogopa kwamba wakikataa, yule atachukua feza yake aende kwa mwingine. Kumbe mtu anayeitikia kila kitu anaandaa gomvi la mwisho. Kama siku ile ya motokari angeniambia, "Papa, hii ni tablo ya wazazi ao ya gari? Kama ni ya gari, tutaanza nyingine na bei yake," ningekasirika dakika tano, kisha ningecheka.

Mnunuzi aliyekuwa na masikio

Kuna komande moja iliyofanyika Lubumbashi ambayo inajulikana leo duniani, na watu wengi wa kwetu hawana habari zake. Fundi aliitwa Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka wa 1947, wakati mji ulikuwa bado Elisabethville. Alikuwa anachora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga kilichovutwa juu ya kadre ya mbao, na alikuwa anatembeza tablo zake mlango kwa mlango sawa wengine.

Karibu na mwisho wa mwaka wa 1973 alifika kwa mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Johannes Fabian, mzaliwa wa Ujerumani. Huyu alinunua tablo, lakini hakumwacha fundi aende. Akamuuliza: hii inasema nini? Wakaanza kuzungumza kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Ndipo Tshibumba akasema kwamba yeye anaweza kuchora historia yote ya inchi, toka wazee wa zamani. Mwalimu akamjibu kwamba akizileta, atazinunua. Hadi mwisho wa 1974 Tshibumba alileta tablo zaidi ya 100: wafalme wa zamani, kufika kwa Wazungu, migodi, Lumumba, vita vya Katanga, hata mambo yatakayokuja kesho. Kwa kila moja walikaa na mashine ya kunasa sauti, fundi akaeleza. Fabian aliyatoa mazungumzo yale ndani ya kitabu mwaka wa 1996, na mwaka wa 2000 zile tablo zikawa mali ya jumba la Amsterdam lililoitwa wakati ule Tropenmuseum. Tshibumba mwenyewe hakuonekana tena tangu mwanzo wa miaka ya 1980.

Tazama vizuri mnunuzi yule alitoa nini. Alitoa feza, ni kweli. Lakini mbele ya feza alitoa ahadi kwamba kazi itanunuliwa, na akatoa masikio. Fundi akajua kwamba hatalala na tablo ishirini ndani ya nyumba na watoto wana njaa. Mtu mwenye uhakika wa namna hiyo anathubutu kuchora kitu ambacho sokoni hakuna anayekiomba. Maana watu wa mitaani, tuseme ukweli, hawaombi kitu kipya. Wanamwambia fundi: "Nifanyie sawa ile ya jirani." Wanataka ukumbusho ambao kila mgeni akiingia ataujua mara moja. Si vibaya. Fundi naye anaishi kwa tablo hizo za kila siku. Lakini ukimwomba kitu cha pekee, kumbuka unamwomba aache njia anayoijua kwa macho yaliyofungwa, na siku anazopoteza akitafuta ile mpya ni siku ambazo hauzi.

Avansi ni ya nani?

Hapa ndipo gomvi linapozaliwa mara nyingi, tukae kidogo.

Mwenye komande anafikiri avansi ni sehemu ya bei. Fundi anafikiri avansi ni kitambaa, rangi, mafuta, mbao na misumari. Bibi wa fundi anajua kwamba avansi ni unga. Wote watatu wanasema kweli, lakini feza ni moja. Ikiliwa yote juma la kwanza, fundi anabaki bila rangi. Anatafuta komande ya pili ili anunue rangi ya komande ya kwanza, kisha ya tatu kwa ajili ya ya pili. Mwishowe anawakimbia watu barabarani, na watu wanasema ni mwizi. Nimejua mafundi wazuri sana waliokwisha jina lao hivyo, wala hawakuwa wezi.

Kwa fundi wa shaba ni hatari zaidi. Bamba la shaba linauzwa kwa kilo, na si bei ya mchezo. Analipiga nyundo kwa nyuma ili sura itokee mbele, na pale alipopiga, amepiga. Mwenye tablo ya rangi anaweza kufunika dirisha. Mwenye shaba hawezi kurudisha pua iliyokwisha toka. Hivi fundi wa shaba mwenye akili hashiki nyundo mbele ya kuonyesha mchoro wa ukubwa uleule juu ya karatasi, na hanunui bamba kwa feza yake mwenyewe.

Wazo hili la kutenga feza ya vifaa na feza ya mkono si la leo. Iko barua moja ya mapatano ya zamani sana, ya mji wa Florence, Italia, tarehe 23 mwezi wa 10 mwaka wa 1485. Mkubwa wa nyumba iliyokuwa inalea watoto walioachwa, inayoitwa Innocenti, alitoa komande ya tablo ya Mamajusi kwa Domenico Ghirlandaio. Waliandika kila kitu. Fundi atanunua rangi yeye mwenyewe. Rangi ya buluu iwe ya florini nne kwa onsi moja, si ya bei rahisi. Tablo ifuate mchoro uliokwisha kufanywa juu ya karatasi. Bei ifike florini 115, lakini mtawa aliyechaguliwa kati yao ataitazama kazi, na akiona haifikii bei hiyo, atapunguza. Fundi apate florini tatu kila mwezi. Kazi iishe katika miezi 30. Tena, waliandika adhabu ya pande mbili: ya fundi akichelewa kuleta, na ya mkubwa akichelewa kulipa.

Florini tatu kila mwezi! Kwa maoni yangu hilo ndilo neno lenye akili kuliko yote katika barua ile. Feza haikutolewa kwa fungu moja kubwa linaloliwa kwa siku nane, wala haikuwekwa yote mwishoni ili fundi afe njaa akichora. Na ile adhabu ya pande mbili, kwetu sijaiona kabisa. Sisi tunajua tu kumpa adhabu fundi.

Mapatano ya namna hiyo hayahitaji wakili. Karatasi mbili za daftari zinatosha, moja kwako, moja kwake: tablo ya nini, ukubwa gani, nani ananunua vifaa, mara ngapi utaweza kuomba mageuzi kisha mchoro kukubaliwa, feza gani na siku gani. Na jina la mtu mmoja ambaye nyote mnamheshimu, atakayetazama kama hampatani. Mimi na fundi wa Likasi tungekuwa na karatasi hiyo, mageuzi yangeandikwa mara moja, na motokari isingeingia.

Jambo moja tena la karatasi: kadiri ya sheria ya inchi yetu ya mwaka 1986 juu ya haki za watunzi, ukinunua tablo umenunua kitu chenyewe, si haki ya kuizidisha. Ukitaka kuichapa juu ya kalenda ya shirika lako ao juu ya vitambaa vya sikukuu, umwombe fundi kwanza.

Wakati migodi inakohoa

Hatuwezi kusema juu ya komande bila kusema juu ya mshahara. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya toni 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa 9 mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na magumu mengine ya inchi yakafuata. Mwaka wa 1994 toni zile hazikufika 40,000. Mishahara ikachelewa mwezi kisha mwezi. Unafikiri kitu gani cha kwanza mtu anakiacha? Anaacha tablo. Fundi aliyekuwa na komande tano kwa mwisho wa mwezi akabaki na watu watano wanaomwambia, "Ngojea kidogo." Tena zile bei zilikuwa zinaruka kila juma: tablo waliyopatana siku ya kwanza, siku ya kulipa ile feza haikununua hata kopo la rangi. Mzee mmoja wa Kolwezi aliniambia kwamba wakati ule alikuwa anataja bei kwa mifuko ya unga. "Mufuko iko mufuko," alisema, "feza iko upepo."

Mwaka wa 2003 Gécamines ilipoachisha watumikaji 10,655 kwa ile operesheni ya kuondoka kwa hiari, wengine waliopata kile kidogo chao walitoa komande ya sura yao wenyewe na kofia ya mgodi kichwani. Feza ilipokwisha mbele ya tablo kwisha, fundi alibaki na sura ya mtu asiyeweza kulipa. Huwezi kuuza sura ya mtu kwa mtu mwingine. Kijiji na mto utakiuza. Uso wa Papa fulani, hapana. Kwa hiyo mafundi wenye uzoefu wanadai avansi kubwa zaidi kwa sura ya mtu kuliko kwa mandhari, na sisi tunawaona wachoyo. Sasa umejua sababu.

Komande ambayo moyo unaikataa

Msomaji mmoja ambaye ni fundi na mwimbaji wa kwaya aliniuliza swali ambalo sikulijibu palepale. Mtu amemletea komande ya mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki ambaye, watu wanasema, anatoa utajiri kwa bei mbaya. Katika miaka ya 1970 alikuwa ndani ya salo nyingi sana. Kisha watu wa vikundi vya sala wakaanza kumtoa ukutani. "Miye mukristo," akasema, "nifanye ao nikatae? Feza iko nzuri."

Sitamwekea sheria, padri wake anamjua kuliko mimi. Ninaona wengine wanaochora mamba muntu kama hadithi ya wazee, bila kumwabudu, na wengine ambao mkono wao unatetemeka. Lakini ninasema hivi: kama utakataa, kataa siku ya kwanza. Usipokee avansi, uile, kisha dhamiri ikuamke siku ya nane. Hapo mwenye komande atasema kwamba Mungu wako anapenda feza ya watu.

Na kinyume chake, mwenye kutoa komande akiwa ni Kanisa, naye asifikiri kwamba fundi ni kalamu tu. Mwaka wa 1573 Paolo Veronese aliwachorea Wadominiko wa Venezia Karamu ya Mwisho, tablo kubwa ajabu. Aliweka ndani yake walevi, askari wa Kijerumani, mchekeshaji na ndege wake. Alipelekwa mbele ya mahakama ya Kanisa, akaulizwa: juu ya nini watu hao karibu na Bwana? Wakampa miezi mitatu ya kutengeneza tablo kwa gharama yake mwenyewe. Alifanya nini? Aligeuza jina. Aliandika kwamba ni karamu nyumbani kwa Lawi, ile ya Luka sura ya 5, ambamo Yesu anakula pamoja na watoza kodi na wakosefu. Walevi walibaki pale walipo. Tablo iko Venezia hata leo, ndani ya nyumba ya sanaa ya Accademia. Mimi nikiisoma habari hii ninacheka kila mara. Lakini ninafikiri pia kwamba wale Wadominiko wangeomba mchoro mapema, hakuna mtu angepelekwa mahakamani.

Parokia zetu zinapoomba Njia ya Msalaba, tablo 14, zinafanya mara nyingi kosa lilelile. Halmashauri inatoa avansi, inakaa miezi sita bila kupita kwa fundi, halafu siku ya kupokea kila mzee ana maneno: Veronika amenenepa, Simoni wa Kirene anafanana na mwenyekiti. Afadhali fundi alete kituo kimoja tu kwanza, cha rangi kamili, halmashauri nzima ikitazame, iseme yake yote. Kisha hivyo 13 vinafuata bila maneno. Ndani ya Biblia kuna fundi mmoja tu aliyepata magumu ya kinyume: Bezaleli, katika kitabu cha Kutoka sura ya 36. Watu walileta vitu vingi kupita kazi, hata Musa akawakataza kuleta tena. Sijaona fundi wa Katanga aliyeteswa hivyo.

Foto ya karte ya kazi

Nimalize na komande moja niliyoiona kwa macho yangu, toka mwanzo hadi mwisho, mjini Kolwezi.

Mama mmoja alifiwa na bwana yake, mtumikaji wa mgodi. Ndani ya nyumba hakukuwa na foto nyingine ila ile ndogo ya karte ya kazi: uso mkali, macho mbele, muhuri umepita juu ya sikio. Mama akaipeleka kwa fundi, akasema: "Tata, unifanyie yeye mukubwa. Na anacheka."

Fundi alitazama ile foto muda mrefu. Hakumjua marehemu. Hakusema ndiyo, hakutaja bei. Alisema: "Mama, kesho nitakuya kwenu."

Alikuja na daftari na kalamu ya risasi. Akakaa katika kiti ambacho watoto walimwonyesha kwamba ni cha baba. Akauliza maswali ambayo mimi nisingeyafikiri. Alikuwa anavaa kofia akiwa nyumbani? Alikuwa anakaa wima ao anaegemea? Akicheka, meno yalionekana? Mama akajibu, watoto wakabishana. Akachora. Mtoto mkubwa, kijana wa miaka kumi na sita, akatazama akasema: "Iko papa, lakini papa alikuwa anacheka na upande moya." Fundi akafuta, akaanza tena. Mara ya pili mama mkwe akasema paji la uso lilikuwa pana zaidi. Akafuta tena. Hakukasirika hata kidogo, kwani ilikuwa karatasi tu na kalamu tu. Hakuna rangi iliyopotea.

Mara ya tatu hakuna mtu aliyesema neno. Mama aliweka kidole juu ya karatasi, chini ya shavu, pale mdomo unapoinuka. Akasema: "Njo yeye."

Hapo ndipo fundi alipotaja bei. Wakapatana kwa mafungu matatu: moja la kitambaa na rangi, moja tablo ikifika nusu, moja siku ya kuipokea. Akaandika nyuma ya mchoro uleule, mama akatia sahihi, na kijana akatia yake. Siku ya fungu la tatu feza ya mama haikutosha. Alimalizia na unga, kilo tano, fundi akapokea, akaandika "imekwisha" chini ya sahihi.

Nilifikiri mama angeitundika ile tablo salo, juu ya redio, pale wageni wanapoona. Aliipeleka ndani, chumbani, upande wa mguu wa kitanda. Foto ndogo ya karte ndiyo iliyobaki salo.